Mahali Alipolala Nkusi

Kila Alhamisi jioni, watu wa milimani waliotawanyika Amerika huacha kila kitu. Wa Louisville, wa Columbus, wa Buffalo, wote hupiga namba moja ya simu, huingiza tarakimu za siri ambazo si siri kwa mtu yeyote, wakajikuta pamoja kwenye mstari wa maombi. Mchungaji Birindwa wa Columbus ndiye aliyeushika usukani. Akikupa nafasi, unasema. Akikuzimia sauti, utalia mpaka ukauke na hakuna atakayekusikia.

Mukabutera alizoea kusikiliza akiwa anapika. Mwaka ule wa 2015 alikuwa bado kwenye kiwanda kimoja cha Jeffersontown, kando ya Louisville, anafunga vipuri ndani ya maboksi kutwa nzima amesimama, na akirudi nyumbani miguu imevimba. Jioni hiyo alikuwa anakoroga sombe, majani ya muhogo, simu ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta, wakati Mchungaji alipomkaribisha mzee mmoja wa Buffalo, Mzee Yoeli, atoe ushuhuda.

Mzee akakohoa. Akasema jina la Bwana lisifiwe. Akasema zamani alikuwa mtu mbaya, mikono yake imejaa damu, ila alipofika kambi ya wakimbizi Tanzania Yesu alimkuta akamwosha. Hayo ni maneno ya kawaida, hata mwizi wa kuku akiokoka huanza hivyo hivyo. Kisha mzee akapandisha sauti kidogo, akauliza, "Tuko pamoja ama hatuko pamoja?"

"Tuko pamoja!" mstari mzima ukaitika.

Na Mukabutera naye aliitika. Peke yake jikoni, mama wa watoto wanne mwenye mvi kichwani, aliitika kwa sauti ya kitoto, na mkono wenye mwiko ulikuwa umeshapanda juu kabla hajajua anafanya nini. Sombe ikamdondokea begani. Akautazama ule mkono wake kama wa mtu mwingine. Ile sauti aliijua. Hakuna mtu aliyekulia kijijini Kabingo, huko milimani, asiyeijua.

"Birindwa!" akapiga kelele. "Birindwa, ni yeye! Ule muzee njo Mwenyekiti!"

"Kuko mutu wa Louisville anatusumbua na masufuria," Mchungaji akasema kwa upole. "Bon, tunamuzimia." Simu ikalia ti, na tangu hapo Mukabutera alipayuka peke yake, huku mzee akiendelea kumshukuru Mungu na watu wakiendelea kusema Amina.

Sasa, huyo Mwenyekiti ni nani? Waliozaliwa juzi hawamjui, na waliomjua wameona heri wanyamaze. Jina alilopewa na baba yake ni Rudasingwa. Alikuwa mtoto hodari wa shule ya misheni, akapata nafasi ya kwenda kusoma mbali, katika nchi moja ya Wakomunisti, akarudi milimani na sanduku la vitabu, kitambaa chekundu, na picha ya wazungu wenye ndevu ambayo aliitundika mahali ambapo wengine hutundika Msalaba. Siku zile serikali ilikuwa haijulikani Kabingo ila kwa mtoza kodi, aliyekuja kuchukua kuku akaenda zake. Rudasingwa alimkamata yule mtoza kodi mbele ya watu wote, akamtuma kuni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Akawaambia ardhi ni ya wote, hakuna bwana tena wala mtwana, na kila mtu aitwe kamarada.

Tuseme ukweli: walimpenda. Wanawake walimtungia nyimbo. Alijenga shule kwa mikono yake mwenyewe na alikula chungu kimoja na wachungaji wa ng'ombe. Baadaye akapata mpishi wake. Baadaye tena yule mpishi akawa lazima aonje kwanza. Vijana wakapewa bunduki kuulinda ukombozi, na kwa kuwa adui wa nje hakuonekana, wakaanza kumtafuta wa ndani.

Ndipo akaja kwenye ng'ombe. Aliwaunganisha wote katika zizi moja juu ya kilima, wakaitwa ng'ombe wa umma, kila mmoja akachomwa namba ubavuni. Majina yao yakapigwa marufuku. Jina, alisema Mwenyekiti, ndiyo mizizi ya ubepari. Mtu ambaye hakulelewa na ng'ombe ataona ni jambo dogo. Kwao ng'ombe huitwa jina lake tangu ana siku moja, huimbiwa, husemeshwa, na mwenyewe hujua kabisa kwamba ndiye anayeitwa.

Hukumu zilikuwa za watu wote, hakuhukumu yeye. Huo ndio ulikuwa ujanja wake. Mshitakiwa alisimamishwa mbele, Mwenyekiti akakohoa, akauliza kama wako pamoja ama hawako pamoja, na kijiji kizima kikaitika na kunyoosha mikono, wazee kwa watoto. Aliyechelewa kunyoosha alikwenda kusimama karibu na mshitakiwa. Kisha vijana wakawapeleka nyuma ya kilima. Kulia ilikuwa marufuku, kwa sababu anayemlilia adui wa umma ni ndugu yake katika uadui.

Nkusi, baba yake Mukabutera, hakuwa shujaa. Alinyoosha mkono haraka kama wengine wote. Kosa lake lilikuwa hili: siku moja kundi la ng'ombe lilikuwa linateremka kunywa maji, naye akapiga chafya. Ng'ombe wake wa zamani, Gaju, akaacha mstari, akamjia, akaweka shingo begani pake kama alivyozoea. Nkusi hakumwita. Alimsukuma, alimpiga hata kofi la pua, aondoke. Ng'ombe hakuondoka. Na Mwenyekiti alikuwa amesimama palepale. Ng'ombe anayemjua mwenyewe, akasema, ni ushahidi kwamba yuko mwenyewe. Jioni ile ile watu walikusanywa. Vestine, mke wa Nkusi, alinyoosha mkono akiwa na mtoto mgongoni. Mukabutera aliyekuwa na miaka kumi alinyoosha karibu naye. Nkusi aliwatazama wote wawili, akatikisa kichwa kidogo kama kuwaambia ndiyo, fanyeni hivyo hivyo. Halafu akaenda nyuma ya kilima.

Na anguko la Mwenyekiti? Mtu angependa kusikia kwamba watu waliamka wakamtoa. Hawakuamka. Walingoja Mungu, walingoja serikali, walingoja majirani, na hakuna aliyekuja. Alianguka mwenyewe. Alikuwa anawateremsha ng'ombe wa umma ziwani kidogo kidogo na kuwauza, mpaka zizi likabaki na majani. Vijana wake wakakosa chumvi na sabuni, wakaanza kutoroka na bunduki zao. Asubuhi moja watu walikuja kwenye paredi kama kawaida wakakuta kiti chake ni kitupu. Walisimama kwenye mistari yao juani mpaka mchana ukapita, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kukaa. Utawala wake uliisha hivyo, watu wakiwa wamesimama wanamngoja.

Mukabutera alimpigia Ngarambe, mdogo wake, yule mtoto wa mgongoni, ambaye sasa ni baba wa watu huko Columbus na ndiye aliyekaa na mama yao.

"Yaya, minajua," Ngarambe akamwambia dada yake.

"Unajua nini?"

"Minajua ni yeye. Watu wengi wanajua. Donc, alishaokoka. Ni muzee wa kanisa. Weye unataka tumufanye nini?"

Ni kweli, Mukabutera angemfanya nini? Awaite polisi wa Amerika, awaeleze habari ya ng'ombe aliyeweka shingo begani? Alilia kwa hasira na simu mkononi, na mdogo wake akamngoja amalize.

Lakini huko kwa Ngarambe, Vestine alikuwa kitandani chumba cha pili, na masikio yake hayakuwa yamezeeka. Moyo wake ulikuwa umechoka, mapafu yalikuwa yanajaa maji, na hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani akae na watu wake. Mwanamke huyu alikuwa katika kilio tangu siku ile ya Kabingo. Kwao kilio hakifungwi hewani. Watu wa nyumba husimama juu ya udongo wa marehemu wao, husema ya kusema, halafu hurudi kunyoa na kunywa pamoja, na maisha huendelea. Vestine hakuwa na udongo wa kusimama juu yake. Arusi za watoto wake mwenyewe alizikalia nje, maana mwenye kilio haingii arusini. Aliomba simu.

"Mukabutera. Utaenda kwa ule mutu?"

"Nitaenda, Mama."

"Usimuulize juu ya nini. Sababu haitanisaidia. Umuulize wapi."

Basi safari ikawa ya neno moja. Mukabutera alimpigia Florida, binti wa Mzee Yoeli, kuomba ruhusa ya kumtembelea, na kwa kuwa hakuweza kumtajia mtoto uovu wa baba yake, alisema tu, "Ushuhuda wa mzee ulinigusa sana, nataka tuonane." Hapo ndipo alipokosea. Kwa watu wa kanisa, maneno hayo yana maana moja tu: unakuja kusamehe.

Uwase, binti yake Mukabutera, alichukua ruhusa kazini akaendesha gari. Walilala Columbus, Vestine akamshika Mukabutera mkono, na asubuhi wakaendelea. Theluji chafu ilikuwa imerundikana pembeni mwa barabara njia nzima. Uwase aliuliza mara moja, "Mama, ukimwona utasema what?" Mukabutera akajibu kwamba ana swali moja. Binti akaona uso wa mama yake, akawasha redio.

Walipofika Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, walikuta magari yamejaa mpaka kwenye majani ya jirani. Nyumba ilikuwa chini ya njia ya ndege, na kila zilipopita vioo vilitetemeka. Ndani kulikuwa na kwaya yenye sare, mbuzi ameshachinjwa, soda zimepangwa, na katikati ya meza kulikuwa na simu iliyoelekezwa juu, mstari wa maombi umefunguliwa, ili Louisville na Columbus nao wasikie mwana aliyefiwa akipatana na mzee aliyeokoka. Florida alimkumbatia akilia. "Karibu, dada yangu. Mungu ni mwema." Mukabutera alitaka kurudi garini, lakini watu walikuwa wameshamzunguka wanamshika mabega.

Mzee Yoeli alikuwa kwenye kiti cha kujinyoosha, blanketi magotini. Mukabutera alikuwa amejiandaa kumwona mtu mkubwa. Alikuwa kizee kidogo mwenye soksi za sufu, masikio yametoka manyoya, na alipomwona mgeni alijitahidi kusimama kwa heshima ikabidi wamsaidie. Hilo lilimuumiza zaidi. Mtu kama huyo unamchukiaje? Waliomba kwanza. Waliomba muda mrefu sana.

"Sema, mwanangu," mzee akamwambia, kwa kile Kiswahili safi alichokitoa kambini.

"Mimi ni mutoto ya Nkusi wa Kabingo." Mukabutera akapiga hatua moja mbele. "Siko na maneno mingi. Mama yangu anataka kujua mulimuweka wapi."

Mzee akatafuta. Macho yake yalikwenda darini, yakarudi. "Nkusi..."

"Mwenye Gaju. Ng'ombe aliyemujia."

Uso wa mzee ukafunguka wote. "Gaju! Gaju namkumbuka sana. Mwekundu, pembe ya kushoto imeinama kidogo, na alikuwa anapenda kukunwa hapa." Akajigusa chini ya kidevu. "Tulimchinja Sikukuu ya Ukombozi, kwenye ule uwanja wa shule. Alikuwa ng'ombe mzuri, jamani." Alisema bila ubaya wowote, kama mzee yeyote aliyefurahi kwamba kichwa bado kinafanya kazi.

"Na mwenyewe?" Mukabutera akauliza.

Ndege ikapita, vioo vikatetemeka. Mzee alitafuta tena, na alitafuta kweli, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Kisha machozi yakaanza kumtiririka.

"Mwanangu, nisamehe. Nilimwomba Mungu anifutie yote yale. Miaka nilimwomba, nikipiga magoti kambini. Akanifutia. Nikiangalia huko nyuma naona vilima, naona ng'ombe. Watu siwaoni. Walikuwa wengi, mwanangu. Nyuma ya kila kilima."

"Haleluya!" mtu akapaza sauti. "Amefuta yote!" Na watu wakapiga makofi, wengine wakilia kwa furaha, na kutoka kwenye simu ile ya mezani zikaja Amina za Columbus na za Louisville, zinagongana.

"Mama Mukabutera," sauti ya Birindwa ikasema mezani, "sasa utamke neno ya musamaha." Mukabutera alifungua kinywa. Hakuna kilichotoka isipokuwa kwikwi. "Machozi ni neno," Mchungaji akaamua, na kwaya ikaanza kuimba. Wakamletea sahani ya nyama. Watu wote walikuwa wanamtazama kwa upendo mkubwa, akaona hana pa kukimbilia, akala.

Walirudi Columbus siku iliyofuata. Njia nzima Mukabutera alikuwa anatunga maneno ya kumwambia mama yake kwamba hakuna jibu, na kila alipoyapanga yalianguka. Alipoingia chumbani, Vestine alikuwa amekalishwa, mito nyuma ya mgongo, kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amesikiliza kwenye mstari, lakini jibu la mzee lilisemwa chini, mbali na simu, akasikia makofi tu.

"Wapi?" Vestine akauliza.

Mukabutera akatazama ile mikono ya mama yake, iliyokuwa myembamba mpaka mifupa inahesabika. "Nyuma ya Kabingo," akasema. "Pale tulikuwa tunachota maji. Juu ya kijito, karibu na lile jiwe kubwa." Hakujua pametoka wapi. Palikuwa mahali pa kwanza palipomjia kichwani, kwa sababu akiwa mtoto alipapenda.

Mama yake alifumba macho akapumua mpaka chini. "Pazuri," akasema. "Kuko kivuli."

Kama mambo yangeishia hapo, isingekuwa neno. Lakini Vestine hakutaka mawe tu yawekwe. Alitaka Nkusi afukuliwe, afungwe kwenye blanketi safi, apandishwe kwenye boma la ukoo. Akampigia Semahoro, mjukuu wa ndugu yake Nkusi, ambaye bado anachunga huko juu. Mukabutera alijaribu kumzuia: mvua zimekwisha kupasomba, Mama, na huko kuna vita, watoto wasihatarishwe. Vestine hakumsikia. Mukabutera alibaki na tumaini moja, kwamba watachimba wasikute kitu.

Alhamisi Vestine mwenyewe aliomba nafasi kwenye mstari. Kwa sauti ya kukatikakatika alimshukuru Mungu, akamshukuru na Mzee Yoeli, aliyewaonyesha mahali alipolala mume wake. Huko Buffalo kukawa kimya kidogo.

"Utukufu kwa Mungu," mzee akasema.

Hakusema lingine. Labda alikuwa ameshaamini kwamba aliwaonyesha kweli. Mukabutera alikuwa Louisville jikoni kwake, hajazimiwa sauti na mtu yeyote, na hakusema kitu.

Jumamosi asubuhi Semahoro alipiga. Mukabutera alikuwa amekuja tena Columbus, kwa sababu mama yake hakuwa anakula. Nyumba nzima ilisimama kuzunguka kitanda. Upepo wa milimani ulikuwa unapiga kwenye simu, na kwa mbali walisikia majembe.

"Shangazi, tumepata."

Vestine alifunika kinywa kwa mikono yote miwili. Mukabutera aliinamia simu. "Mumepata nini?"

"Mifupa, Shangazi. Pale pale ulisema, juu ya kijito. Lakini haiko mutu mumoja. Beko batatu. Balilazwa pamoja." Semahoro alikuwa anahema. "Babu ni gani?"

Wote wakamtazama Mukabutera. Ngarambe alimtazama, Uwase alimtazama. Mama yake alimtazama kwa macho yaliyong'aa, bila shaka hata chembe. "Ule muzee alikuambia aje?" akauliza. "Umuambie mutoto, anangoja."

"Wa katikati," Mukabutera akasema.

Hapo Vestine akalia. Alikilia kilio kile alichokatazwa akiwa msichana mwenye mtoto mgongoni, kwa sauti kubwa, mpaka majirani wa ghorofa ya juu wakatoka kwenye ngazi kuuliza kuna nini. Ngarambe alipiga magoti akamshika miguu. Uwase alikuwa analia ingawa hakumjua babu yake hata kwa picha. Huko milimani Semahoro alikuwa anawaambia wenzake walete blanketi, taratibu, wamwinue huyu wa katikati.

Kisha akarudi kwenye simu.

"Na hawa wawili, Shangazi? Tubafanye nini?"

Mukabutera aliishika simu kwa mikono miwili. Upepo ulikuwa bado unavuma upande wa pili, na kijana alikuwa anangoja.